Nukta ya Bluu

Mwanamume mwenye begi jekundu alishuka ngazi tatu tatu.

Pasi alishuka nne nne.

Lilikuwa jengo la ghorofa sita, maduka chini, ofisi za kupanga juu, ngazi za nyuma zinanuka rangi mbichi. Saa saba na dakika nane mchana. Wenye ofisi walikuwa wamekwenda kula, hivyo hakuna aliyemwona mwanamke wa miaka arobaini na moja, suti ya kijivu na raba nyeusi, akimfukuza mtu aliyemzidi kimo kwa kichwa kizima.

Kisikilizi kilikoroma sikioni mwake.

"Pasi, Kituo hapa. Hali?"

"Ghorofa ya tatu. Anashuka."

"Unahitaji msaada?"

"Nahitaji aanguke."

Hakuanguka. Kwenye kona ya ghorofa ya pili aligeuka na kumzungushia begi kama mtu anayempiga mbwa. Pasi aliinama, akaudaka mkanda wa begi juu ya kichwa chake, akauvuta. Jamaa hakuwa ameuachia. Paji lake la uso likakutana na chuma cha ngazi, na alipofungua macho alikuwa amelala kifudifudi, goti la mtu mgongoni, mdomo wa bastola ya Glock nyuma ya sikio.

"Umechoka?" Pasi alimuuliza. "Hata mimi. Tupumzike."

Idara ya Ujasusi ilikuwa imelifuatilia begi hilo kwa wiki tatu. Ndani yake mlikuwa na laptopu moja tu, na laptopu hiyo ilikuwa moyo wa Ng'aa.

Ng'aa ilikuwa programu ya bure ya kusafisha simu. Unabonyeza, duara la kijani linazunguka, unaambiwa simu yako sasa ni nyepesi, unafurahi. Haikusafisha kitu. Ilichota ujumbe, picha, majina, sauti na mahali mtu alipo, kisha wenye nayo wakauza. Wanunuzi walikuwa wasafirishaji wa silaha wa ng'ambo ya mpaka, ambao walipenda kujua askari gani yuko lindo gani na hakimu gani anapitia njia ipi akienda kazini. Mahakimu wawili walikuwa wameshazikwa. Na hao wauza siri za watu hawakuuamini mtandao hata chembe kwa siri zao wenyewe. Kila mchana laptopu ilibebwa kwa miguu, ndani ya begi, kutoka nyumba moja hadi nyingine.

Pasi alikishika kidole gumba cha mbeba begi na kukibandika kwenye kitufe. Laptopu ikafunguka.

Ilikuwa orodha ndefu ya simu. Ng'aa ilikuwa imewanunua mafundi simu waiingize kwa siri kwenye simu za wateja, na mafundi simu hawaandiki majina, huandika wanachokiona. *Mama wa mapacha, chaji. Mwalimu mkali, spika. Askari kipara wa kituo cha matofali, betri. Mzee mpole, kioo.* Mbele ya kila mmoja kulikuwa na namba yake ya siri.

Mstari wa mia mbili na kumi na mbili ulisema: *Dada mwenye haraka, kioo. 2580.*

Pasi aliusoma mara mbili.

Namba zile zimepangana katikati ya simu, juu hadi chini, unateremsha kidole bila kutazama. Alikuwa akizitumia miaka minne. Ofisa wa ujasusi, miaka kumi na saba kazini, nishani mbili.

Sheria ya Idara ilikuwa wazi: simu ikiharibika, inapelekwa karakana ya Idara. Unajaza fomu, wakubwa watatu wanaweka sahihi, unasubiri wiki tatu. Ndiyo maana kila mtu, kuanzia madereva hadi huko juu, alikuwa akishuka kimya kimya kwa fundi wa kona, aliyebadili kioo kwa nusu saa na kukupa na kiti. "Niachie namba ya siri, dada, nijaribu kioo." Na wewe unayetunza siri za nchi unamtajia. Anaiandika kwa kalamu kwenye kipande cha utepe, anakibandika mgongoni mwa simu, unaondoka zako kuchukua chai. Hakuna aliyeona ajabu.

Pasi alifungua mstari wake.

Ujumbe wake wa mwisho ulikuwa pale, neno kwa neno. Aliuandika saa saba kasoro dakika kumi, akitembea: *Nakuja saa nane. Nyumba ya nyuma ya kiwanda cha matofali. Mgeni wako nitamtoa mwenyewe.*

Chini yake mkurugenzi wa Ng'aa alikuwa ameandika: *Tumeupata. Tunaondoka saa saba kamili. Mwendo wa dakika thelathini na tano. Buti yuko nami.*

Saa ya laptopu ilisema saa saba na dakika kumi na mbili.

Mgeni alikuwa mhandisi, mwanamke aliyeitengeneza Ng'aa kwa mikono yake akidhani kweli ni ya kusafisha simu. Alipojua, alinakili orodha ya wanunuzi wote na kutoroka nayo. Hakwenda polisi. Alikwenda kwa mwandishi wa gazeti aliyekuwa ameikosoa Ng'aa.

Mwandishi huyo alikuwa mdogo wake Pasi, tumbo moja.

Kila Jumatano alikuwa na safu ya maoni kuhusu teknolojia. Ukoo mzima ulimwita Ruhusa, maana alikuwa hawezi kumsalimia mtu bila kumshika simu. "Hii tochi umeipa ruhusa ya kusoma majina yako yote. Tochi inataka kumjua nani?" Kwenye harusi watu walificha simu wakimwona anakuja. Aliandika kwamba siku hizi hakuna anayeibiwa siri zake; anaombwa kwa adabu, kwa kitufe kikubwa cha kijani, na anakubali ili aendelee na shughuli zake. Aliandika kwamba habari za teknolojia huandikwa na wanaouza hiyo teknolojia, ndiyo maana kila simu mpya ni ya ajabu na hakuna hata moja iliyowahi kuwa ya hatari. Alikuwa msumbufu, mbishi, na mara nyingi alikuwa sahihi. Pasi alimpenda mno na hakuwahi kumaliza kusoma safu yake hata moja.

Juzi alikuwa amemwomba jambo moja tu. "Dada, nitakupa mhandisi umfikishe mahakamani salama. Ila usiandike mahali. Kokote. Njoo tu."

Pasi aliandika.

Simu ya mbeba begi iliita. Kwenye kioo palisomeka *Mkurugenzi*.

Pasi aliusogeza mdomo wa Glock hadi ndani ya sikio la jamaa. "Uko kwenye foleni. Begi liko salama. Ukikohoa, risasi imetoka."

"Haloo," alisema mbeba begi. "Niko kwenye foleni, bosi."

"Usichelewe," ilisema sauti nene, tulivu, ya mtu aliyekula akashiba. "Sisi bado dakika ishirini na kidogo. Tukimaliza huku tunakuja moja kwa moja."

Laini ikakatika. Pasi alimfunga pingu kwenye chuma cha ngazi, akamziba mdomo kwa tai yake mwenyewe, akashika begi.

"Kituo, Pasi. Kikosi kiko umbali gani na kiwanda cha matofali?"

"Dakika arobaini na tano. Tukiwaambia polisi wa pale?"

"Wamo kwenye orodha. Wakiambiwa wao, Mkurugenzi ameambiwa."

"Mpigie ndugu yako kwa laini yetu."

"Hawezi kupigiwa."

Ndivyo alivyokuwa Ruhusa. Simu aliyokuwa nayo aliinunua kwa kazi hiyo tu. Namba yake hakumpa mtu. Alijiunganisha na dada yake kwa kuskani ule mraba wa madoadoa, simu kwa simu, kisha akafungia nje watu wengine wote duniani. Na aliiwasha kila nusu saa, kwa dakika mbili. Saa saba na nusu angeiwasha, angesoma ujumbe wowote mpya wa Pasi, angeizima. Dakika tano baadaye Buti, muuaji wao, angebisha hodi.

Njia ya kumfikia ilikuwa moja, na njia hiyo Mkurugenzi alikuwa ameketi kwenye gari akiisoma kwa simu yake.

Kumwandikia "kimbia" kungekuwa kuwaharakisha wauaji. Barabara ya kiwanda ni moja, kuingia na kutoka, na nyuma ni mashimo ya udongo yasiyo na pa kujificha. Ilibidi Mkurugenzi ageuze gari kwa hiari yake mwenyewe. Ilibidi adanganywe, na mdogo wake asidanganyike.

Pasi alisimama mlangoni pa jengo, jua limemlenga usoni, akaandika:

*Mambo yamebadilika. Usinisubiri hapo. Mpakie mgeni, mje karakana ya zamani ya reli, geti la mashariki. Nitakuwa peke yangu ili tusivute macho. Ulikuwa sahihi kuhusu simu, kuhusu kila kitu. Nisamehe.*

Akatuma.

Katika miaka thelathini na minane ya kuishi na mdogo wake, Pasi hakuwahi kumkubalia hata mara moja kwamba alikuwa sahihi, si utotoni, si kwenye msiba wa baba yao, si alipokuwa sahihi kabisa. Ruhusa akisoma maneno yale angejua kwamba kuna mtu wa tatu kwenye mazungumzo. Angejua kwamba ujumbe wote ni uongo. Angemtoa mhandisi kwa mguu kupitia nyuma, angetupa simu, angelala chini kimya.

Huo ndio uliokuwa mpango. Pasi aliuona mzuri.

Karakana ya reli ilikuwa mwendo wa dakika kumi na tano kwa pikipiki ya Yamaha aliyoiegesha nyuma ya jengo. Alitumia kumi na moja.

Saa saba na dakika thelathini na moja alikuwa amelala juu ya behewa lililokatika ubavu, bastola mbele yake, simu pembeni, na kijisanduku cheusi cha ukubwa wa pakiti ya sigara mkononi. Idara ilikiita kizima mtandao. Ukikibonyeza, simu zote zilizo ndani ya hatua thelathini zinakuwa vipande vya kioo tu.

Chini yake palikuwa na reli zenye kutu, majani, na geti la mashariki lililo wazi. Hapakuwa na mtu.

Simu ilitetemeka.

*Sawa dada. Tunatoka sasa.*

Pasi alitabasamu. Ameelewa, alijiambia. Anaupaka uongo wangu rangi.

Kisha simu ikatetemeka tena, na tabasamu likamwisha.

*Ruhusa anakuonyesha mahali alipo. Muda: saa moja.*

Ramani ilifunguka. Juu yake palikuwa na nukta ya bluu. Mtu ambaye hakuwahi kumwonyesha hata mama yake mahali alipo, aliyeandika safu nne nzima dhidi ya kitufe kile, alikuwa amekibonyeza. Nukta ilikaa kiwandani kwa sekunde kadhaa. Halafu ikaanza kutembea.

Ilikuwa inakuja.

Pasi alielewa kipande kwa kipande, na kila kipande kilikuwa kibaya kuliko kilichotangulia. Mdogo wake alijua kwamba mtu anayesoma ujumbe ataangalia pia kama kuna kilichosogea. Ukisema unatoka halafu hakuna gari lililotoka, uongo umekufa, na wauaji wataingia ndani na kuwafuata waendao kwa miguu. Alikuwa sahihi. Pasi hakulifikiria hilo. Kwa hiyo alimpitisha mhandisi nyuma, akachukua pikapu ya kiwanda, akawasha nukta, akawaonyesha wauaji kitu cha kufuata.

Ila kwa nini aje mpaka hapa? Kwa nini asizunguke tu mjini?

Akausoma tena ujumbe wake mwenyewe. *Nitakuwa peke yangu.*

Ruhusa alijua kwamba ujumbe wote ni uongo. Basi na hilo alilichukua kuwa uongo. Aliamini kwamba dada yake ana kikosi kizima pale, watu kumi na wawili wenye bunduki nyuma ya kila behewa. Katika ujumbe ule mzima, neno la kweli lilikuwa moja, na ndilo alilolisoma kinyume.

Kidole cha Pasi kilikuwa juu ya herufi. Neno moja tu, *rudi*, lingetosha. Mkurugenzi angelisoma sekunde ileile, na kwenye mashimo ya udongo kulikuwa na mwanamke anayetembea kwa miguu, nguo yake imeshonewa ndani ya shingo kifaa cha ukubwa wa ukucha, na ndani ya kifaa majina ya watu wote walionunua vifo vya mahakimu.

Kidole kilikaa pale kwa muda mrefu.

Akakiondoa.

"Kituo," alisema. "Kikosi."

"Dakika ishirini na mbili."

"Nukta iko dakika kumi na nne."

"Rudia?"

Pasi aliishika bastola.

Pikapu ya Hilux iliingia getini saa saba na dakika arobaini na saba. Ilikuwa nyeupe iliyogeuka kahawia kwa vumbi la matofali, na nyuma ilifunikwa turubai. Ruhusa alisimama katikati ya uwanja, akazima injini, akateremka. Alikuwa amevaa shati lake la mikono mirefu na miwani iliyokaa upande. Akaangalia huku na huku, kwa utulivu, kama mgeni aliyefika nyumbani kwa watu na kukuta wenyeji bado wako ndani. Alikuwa akivitafuta vichwa nyuma ya mabehewa.

Land Cruiser ya fedha ilifuata. Ikasimama getini, nusu ndani, nusu nje.

Dereva alibaki kwenye usukani. Alishuka Buti, mfupi, mpana, viatu vya jeshi, bunduki fupi ya Uzi imening'inia begani. Mkurugenzi alikuwa kiti cha nyuma, kioo kimeshushwa, simu sikioni.

Pasi alipima kwa macho. Kutoka kwenye behewa hadi kwa Buti, hatua ishirini. Hadi kwa Mkurugenzi, hatua arobaini.

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Akimpiga Buti sasa, Mkurugenzi yuko nje ya nguvu ya kizima mtandao. Angesema neno moja kwenye ile simu na kila kitu kingefutwa, na watu wengine wangetumwa mashimoni. Gari lilitakiwa liingie hatua kumi zaidi.

Alisubiri.

"Yuko wapi?" Buti aliuliza.

"Nyuma," alisema Ruhusa. "Amelala. Hajisikii vizuri."

Land Cruiser ilisogea hatua moja. Mbili. Tano.

Buti alikamata pembe ya turubai.

"Taratibu," alisema Ruhusa. "Anaogopa."

Saba. Nane.

Buti alilivuta turubai. Chini yake palikuwa na matofali, yamepangwa vizuri kwa urefu wa mtu, yamefunikwa blanketi.

Kumi.

Pasi alibonyeza kijisanduku kwa mkono wa kushoto na kufyatua kwa mkono wa kulia. Vyote viwili alivifanya kwa wakati mmoja, na vyote viwili vilichelewa kwa sekunde moja. Buti alikuwa mtu wa haraka. Alipoona matofali hakuuliza swali.

Uzi ilikohoa mara moja, mfululizo mfupi.

Risasi ya Pasi ilimwingia Buti chini ya kwapa akaanguka juu ya matofali. Ya pili ilipasua tairi la mbele. Ya tatu ilipita kwenye kioo cha mbele, na dereva aliacha kugeuza usukani. Mkurugenzi alikuwa akiitikisa simu yake, akiipiga piga kwa kiganja, akiitazama kwa hasira za mtu aliyezoea kuhudumiwa. Alikuwa bado akiitikisa wakati mlango ulipofunguliwa na Glock ikapumzika kwenye fundo la tai yake.

"Hakuna mtandao," Pasi alimwambia.

Alimpiga kwa kitako cha bastola, akamfunga pingu kwenye mlango, akakimbia.

Ruhusa alikuwa ameketi, ameegemea gurudumu la pikapu. Shati lilikuwa limelowa kuanzia kifuani kwenda chini. Alikuwa akitafuta kitu mfukoni kwa vidole visivyomsikiliza.

"Dada. Wenzio wako wapi?"

Pasi alipiga magoti, akaukandamiza mkono wake pale damu ilipotokea. Ilikuwa inatokea mahali pengi kuliko mikono aliyokuwa nayo.

"Wanakuja," alisema.

Ruhusa alimtazama. Alikuwa mtu wa kuelewa upesi. Alielewa.

"Kumbe lile lilikuwa kweli," alisema.

"Usiongee."

"Amefika barabara kuu. Anapanda basi, anakwenda mwenyewe mahakamani. Nilimwambia asimwamini mtu wenu hata mmoja." Alitoa simu mfukoni, akamwekea dada yake mapajani. "Izime. Ile ya mahali. Nimeweka saa moja, sikuona ya muda mfupi zaidi."

Pasi aliishika simu. Kioo kilikuwa kimejaa damu, hakikutambua kidole chake. Akakifuta kwa mkono wa suti, akabonyeza, akakifuta tena, akabonyeza tena. Ilipozimika aliinua kichwa kumwambia, na mdogo wake alikuwa ameshakufa.

Alimkumbatia, akalia kwa sauti, pale uwanjani, mbele ya Mkurugenzi aliyekuwa anaamka. Hakujali.

Kufikia saa kumi na nusu mambo yote yalikuwa yamekwisha vizuri, kwa jinsi Idara inavyohesabu vizuri.

Mhandisi alikuwa ameingia mahakamani kwa miguu yake, ameipasua shingo ya nguo kwa meno mbele ya jaji, na kuweka kile kifaa mezani. Malori manne yalikuwa yamezuiwa mpakani, bunduki chini ya magunia. Laptopu ilikuwa mikononi mwa wataalamu. Fundi wa kona alikutwa ameketi kwenye kile kiti chake cha wateja, anasubiri kukamatwa. Mbeba begi alikuwa anaongea bila kuulizwa.

Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu na feni moja. Mkuu wa Idara alikaa kichwani mwa meza, mzee wa sauti ya upole. Pembeni yake walikaa wakubwa watatu wa kuweka sahihi. Mtaalamu wa mitambo, mwanamke wa makamo mwenye kalamu kwenye masikio yote mawili, alikuwa na simu ya Pasi mbele yake, imeunganishwa waya kwenye mashine. Kila kilichoingia kilinakiliwa.

"Kazi nzuri," alisema Mkuu. "Pole sana. Inatoka moyoni."

"Asante, Mkuu."

"Taarifa itasema ndugu yako alifariki kwa ajali ya barabarani. Mambo ya fundi hayatoki humu ndani. Simu za maofisa wetu kumi na tisa zilipita kwake." Alikohoa. "Mmoja wao ni mimi."

Mzee mpole, kioo. Pasi alikuwa ameshaujua mstari huo. Mbele yake kulikuwa na karatasi ya taarifa, tayari imechapwa, na kalamu.

Simu ililia kidogo.

"Ujumbe wa sauti," alisema mtaalamu. "Jina, Mama. Sekunde arobaini na mbili."

"Ufunguliwe, uandikwe," alisema Mkuu. "Kinachoingia humo ni kielelezo."

Mtaalamu alimtazama Pasi, akasita, akabonyeza. Sauti ya mama yake ikajaa chumba, kubwa mno, kama kawaida ya mtu anayeongea na simu kana kwamba iko ng'ambo ya mto.

"Mwanangu, hamjambo huko? Mbona mdogo wako hapatikani tangu juzi? Aliniahidi atakuja kuniangalizia hii simu. Imeniletea maandishi, inaniuliza nikubali au nikatae, nami naogopa kubonyeza kabla hajaona yeye. Maana namjua, atanigombeza. Sasa nimekaa nayo tu hapa—"

Mkono wa Pasi ulikuwa umeshaifunika simu. Sauti ilikatika.

Wakubwa watatu walikuwa wanatazama meza. Mashine ilikuwa imekwisha kuandika: *nimekaa nayo tu hapa*.

"Huo ni wangu," alisema Pasi.

"Pasi," Mkuu alisema taratibu. "Hiyo ni mali ya kesi."

"Kesi ina laptopu. Ina Mkurugenzi, na ina mhandisi. Huyu ni mama yangu."

Alichomoa waya, akaitia simu mfukoni. Akatoa Glock, akaondoa risasi, akaiweka juu ya karatasi ya taarifa. Juu yake akaweka kitambulisho. Karatasi hakuitia sahihi. Alikisukuma kiti kukirudisha mahali pake chini ya meza, kama alivyofundishwa na huyohuyo mwenye ujumbe, na akatoka. Hakuna aliyemzuia. Hatua zake kwenye korido zilikuwa za mtu anayekwenda dukani.

Barabarani simu iliita. *Mama.* Aliitazama mpaka ikanyamaza, kisha akaizima. Habari ile hakutaka ipite humo.

Alitembea dakika hamsini. Akagonga mlango.

Mama alifungua, miwani juu ya paji la uso, simu mkononi.

"Afadhali umekuja hata wewe," alisema. "Ingia. Hebu niambie, hapa nibonyeze wapi?"

Pasi alikaa kwenye kochi karibu naye, akaichukua ile simu. Maandishi yalikuwa marefu, ya herufi ndogo, yale ambayo watu hawayasomi. Aliyasoma yote, mstari kwa mstari, taratibu, mpaka mwisho, kwa sababu yakiisha ingebidi aseme.